Maandishi ya konda yakiingia kernelini: namna ya kuyapokea

Kibao cha taa kinachokaa kwenye kioo cha mbele cha matatu, kile kinachoandika RONGAI 125 au GITHURAI 45 kwa nukta nyekundu, ndicho kinachotulisha hapa Luthuli Avenue. Ndani mna Raspberry Pi, vipande vya MAX7219 (chipu zinazoendesha nukta za taa) vilivyofuatana kwenye SPI (waya za mawasiliano kati ya chipu), na draiva ya Linux, yaani msimbo wa kuendesha kifaa, niliyoiandika mwenyewe. Konda anaandika njia kwenye simu yake, programu ndogo iliyo ndani ya Pi inapokea kwa Bluetooth, halafu inayasukuma maandishi kwenye /dev/kibao. Kuanzia hapo mwenye mzigo ni kerneli, kiini cha Linux kinachoendesha mashine yote.

Programu ya kawaida ikikosea inakufa peke yake na systemd, msimamizi wa programu, inaifufua. Draiva ikikosea inaangusha mashine nzima, au, vibaya zaidi, inamkabidhi mtu asiyehusika mamlaka yote ya mashine hiyo. Kijana aliye kwetu kwa mafunzo ya kazini aliniuliza, "Lakini Mzee, anayeandika ni konda tu. Konda atamdukua nani?" Nikamwambia draiva haimjui konda. Inachojua ni kwamba kuna prosesi imeita write(). Prosesi hiyo inasikiliza Bluetooth katikati ya stendi ya Kencom saa kumi na mbili jioni, na kila mwenye simu pale anaweza kuigonga mlango.

Nitachukulia kwamba unaijua C na umewahi kujenga moduli ndogo ya kerneli ikapakiwa. Mifano ni ya kibao changu. Badilisha majina, mambo ni yale yale kwa draiva yoyote inayopokea maandishi.

Weka kikomo kabla hujagusa kitu

write() inakuletea vitu viwili: anwani na idadi ya baiti. Vyote viwili vimetoka kwa mtumiaji. Anwani inaweza kuwa sifuri, inaweza kuelekea ukurasa usiokuwepo, inaweza hata kuwa anwani ya kerneli yenyewe. Idadi nayo inaweza kuwa kubwa mno: Linux inaruhusu hadi baiti 2,147,479,552 kwa wito mmoja wa write(). Kibao changu kinahitaji baiti 64. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya kutenga kumbukumbu na kabla ya kunakili chochote, ni kuuliza urefu:

```c
#define KIBAO_MAX 64

static ssize_t kibao_write(struct file *f, const char __user *ubuf,
                           size_t n, loff_t *pos)
{
        struct kibao *k = container_of(f->private_data,
                                       struct kibao, misc);
        char *s;
        int err;

        if (n == 0)
                return 0;
        if (n > KIBAO_MAX)
                return -EMSGSIZE;

        s = memdup_user_nul(ubuf, n);
        if (IS_ERR(s))
                return PTR_ERR(s);

        err = kibao_weka(k, s, n);
        kfree(s);
        if (err)
                return err;
        return n;
}
```

Ona kwamba maandishi marefu nayakataa, siyakati. Wengi hukata, wakidhani wanamfanyia mtumiaji hisani. Lakini maandishi yaliyokatwa ni maandishi mengine kabisa. Kibaoni, "RONGAI, HATUPITI LANGATA" yakikatwa vibaya yanabaki "RONGAI, HATUPITI", na abiria wa Rongai wanaliacha gari lao liende. Kwingineko ndani ya kerneli, njia ya faili iliyokatwa ni njia ya faili nyingine. Rudisha kosa, mwache aliyeandika aamue cha kufupisha.

memdup_user_nul() inafanya kazi tatu kwa mkupuo: inatenga n + 1, inanakili kutoka kwa mtumiaji, inaweka baiti ya sifuri mwishoni. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika watu wanapoandika wenyewe kwa kmalloc() na copy_from_user(). Mtumiaji hana wajibu wa kukuletea sifuri mwishoni. Write() hubeba baiti, na C ndiyo inayotaka sifuri. Fankisheni yoyote ya str- utakayoita bila kuiweka itaendelea kusoma hadi ikutane na sifuri ya mtu mwingine. Na ikishindwa, memdup_user_nul() hairudishi NULL, inarudisha kosa lililofichwa ndani ya pointa, ndiyo maana ya IS_ERR pale. `if (!s)` haitanasa kitu.

Ikikulazimu kutumia copy_from_user() yenyewe, kumbuka inachorudisha ni idadi ya baiti *zilizoshindikana* kunakiliwa. Sifuri ni heri. Nimepitia msimbo wa watu nikakuta `if (ret < 0)`, sharti lisilotimia milele, na mwingine ukirudisha jibu hilo moja kwa moja kwa mtumiaji, ambaye akiona 12 anadhani baiti 12 zimeandikwa. Umbo lake ni moja tu:

```c
if (copy_from_user(bafa, ubuf, n))
        return -EFAULT;
```

Kuisoma `*ubuf` moja kwa moja, bila kupitia fankisheni hizi, hakuna ruhusa, hata kama kwenye mashine yako inaonekana kufanya kazi. Vichipu vya Intel vyenye SMAP na vya ARM vyenye PAN (kinga za maunzi zinazoizuia kerneli kugusa kumbukumbu ya mtumiaji moja kwa moja) vitakukamata papo hapo. Cortex-A72 iliyo kwenye Pi 4 ni ARMv8.0 na haina PAN ya maunzi. Ile ya Pi 5 inayo. Msimbo uliopita kwenye ubao wa zamani unaweza kuanguka kwenye ubao mpya siku ya kuufunga garini. Usingoje chipu ikuambie. Ile alama `__user` kwenye pointa inasomwa na chombo kinachoitwa sparse, na ukijenga hivi utaonywa kila pointa ya mtumiaji inapotumiwa kama ya kerneli:

```sh
make -C /lib/modules/$(uname -r)/build M=$PWD C=2
```

Fankisheni zenye mistari miwili mbele, `__copy_from_user` na ndugu zake, ziache kama zilivyo. Hizo zinaruka ukaguzi wa anwani kwa kudhani umeshaufanya. Mwaka 2017, katika toleo 4.13, waitid() ilikosa ukaguzi wa namna hiyo, na mtu wa kawaida akaweza kuifanya kerneli iandike mahali alipotaka yeye, ndiyo CVE-2017-5123 (CVE ni namba ya hitilafu ya usalama kwenye orodha ya hadharani). Na walioiandika ni watu wanaolala na kuamka na kerneli.

Hesabu ya urefu ndipo maji yanapozidi unga

Kikomo changu cha 64 ni rahisi kwa sababu kila write() inasimama peke yake: wito mmoja, ujumbe mmoja. Shida huanza unapokusanya maandishi kwa vipande, ukiongeza kila kipya nyuma ya kilichopo. Hapo hesabu ya nafasi iliyobaki inafanywa kila mara, na ndipo kitu kidogo kinapoua.

Mfano ninaoupenda kufundishia ni CVE-2022-0185, iliyotangazwa Januari 2022. Ilikuwa ndani ya fs/fs_context.c, pale kerneli inapopokea vigezo vya kupandikiza mfumo wa faili, kwa maandishi, kupitia fsconfig(). Vigezo hukusanywa kwenye ukurasa mmoja wa baiti 4096. Ukaguzi ulikuwepo, tena ukiutazama haraka unaonekana sawa:

```c
if (len > PAGE_SIZE - 2 - size)
```

`size` ni baiti zilizokwisha kukusanywa, `len` ni urefu wa kipande kipya. Sasa tuseme mtumiaji amejaza hadi size ikawa 4095. Upande wa kulia unakuwa 4096 toa 2 toa 4095, yaani hasi moja. Lakini hizi ni namba zisizo na hasi. Kwenye mashine ya biti 64, hasi moja inageuka 18,446,744,073,709,551,615. Hakuna `len` duniani itakayozidi hapo. Ukaguzi unapita, na kipande kinaandikwa nje ya ukurasa, juu ya kumbukumbu ya wengine. Hitilafu hiyo ilikaa humo tangu toleo 5.1 la mwaka 2019, na marekebisho yake yanaenea kwenye mstari mmoja:

```c
if (size + len + 2 > PAGE_SIZE)
```

Jumlisha, usitoe. Na kabla ya kujumlisha, hakikisha kila namba imeshawekewa kikomo chake, la sivyo hata jumla yenyewe inaweza kuzunguka na kurudi sifuri. Ukiona huna uhakika, `check_add_overflow()` iliyo kwenye linux/overflow.h itakuambia kama jumla imefurika.

Nakili mara moja, kisha msahau mtumiaji

Maandishi yakiwa bado upande wa mtumiaji, uzi mwingine wa programu ile ile unaweza kuyabadilisha wakati wewe unayasoma. Ukisoma mara ya kwanza kukagua na mara ya pili kutumia, ulichokagua sicho unachotumia. Mwenye duka la hapa chini haachilii simu kwa kuonyeshwa ujumbe wa M-Pesa kwenye kioo cha mteja. Anangoja wake uingie kwenye simu yake mwenyewe. Draiva nayo ifanye hivyo: chukua nakala, kagua nakala, tumia nakala, na `ubuf` usiirudie tena.

Mahali hili hujificha ni kwenye ioctl, wito wa kukipa kifaa amri maalumu. Muundo unakuja na urefu mbele na maandishi nyuma; mwandishi anasoma urefu kwanza ili ajue atenge kiasi gani, kisha ananakili muundo wote, urefu ukiwemo, na kuanzia hapo anatumia urefu wa *ndani ya nakala ya pili*. Baina ya kusoma kwa kwanza na kwa pili, 16 inaweza kuwa 60000. Dawa ni kuendelea na urefu uliousoma mwanzo, au kuuandika juu ya ule uliokuja mara ya pili.

Fungua mm/util.c utazame strndup_user(), ambayo ndiyo ya kutumia ioctl inapokuletea pointa ya maandishi yenye sifuri mwishoni. Inapima urefu, inanakili, halafu inaweka sifuri kwa nguvu kwenye baiti ya mwisho ingawa ilishaiona sifuri hapo wakati wa kupima. Ni kwa sababu baada ya kupima na kabla ya kunakili, sifuri ile ingeweza kufutwa. Mstari ule mmoja una akili kuliko maelezo yangu yote.

strncpy_from_user() nayo ipo, ila ina tabia yake: maandishi yakiijaza bafa yote, inarudisha urefu wa bafa na *haiweki* sifuri. Kwa hiyo jibu likiwa sawa na ukubwa wa bafa, huo ni urefu uliopita kiasi, kataa.

Kuhusu kufuli: nakili kwanza, ndipo ufunge. Kunakili kutoka kwa mtumiaji kunaweza kulala kukisubiri ukurasa uletwe, kwa hiyo chini ya spinlock (kufuli lisiloruhusu kulala) ni haramu kabisa. Hata chini ya mutex (kufuli linaloruhusu kulala) ni vibaya, kwani mtu mwenye userfaultfd au FUSE (njia za programu ya kawaida kuleta kurasa au faili yenyewe) anaweza kuufanya ukurasa huo uchelewe apendavyo, na kufuli lako analishikilia yeye.

Kilichomo ndani

Sasa una nakala yako, ina mwisho, urefu unajulikana. Bado hujui kilichomo.

```c
static int kibao_weka(struct kibao *k, char *s, size_t n)
{
        char *t, *p;

        if (strlen(s) != n)
                return -EINVAL; /* sifuri katikati */

        t = strim(s);
        for (p = t; *p; p++)
                if (!isascii(*p) || !isprint(*p))
                        return -EINVAL;

        mutex_lock(&k->kufuli);
        strscpy(k->maandishi, t, sizeof(k->maandishi));
        kibao_chora(k);
        mutex_unlock(&k->kufuli);
        return 0;
}
```

Ule ukaguzi wa strlen() unanasa sifuri iliyopachikwa katikati. Bila huo, sehemu moja ya msimbo itaona "RONGAI" na nyingine, inayotumia `n`, itaona "RONGAI", sifuri, na mkia wa siri. Sehemu mbili za programu zikikosana kuhusu maandishi yanaishia wapi, anayefaidi ni mshambulizi.

strim() inaondoa nafasi za mwanzo na mwisho, na pia mstari mpya ambao `echo` huubandika bila kuombwa. Inarudisha pointa iliyosogezwa, kwa hiyo anayepelekwa kwa kfree() ni `s`, kamwe si `t`. Ndiyo maana nimeuacha kfree() nje, kwenye fankisheni iliyotenga. strsep() ina mtego huo huo: inaisogeza pointa yako mwenyewe, hivyo weka ya asili pembeni kabla hujaanza kukata maneno.

Kwa nini isascii() na isprint() pamoja? Kwa sababu isprint() ya kerneli inafuata jedwali la Latin-1 lililo kwenye lib/ctype.c, na kwa jedwali hilo baiti 0xE2 ni herufi halali ya kuchapika. Hili nililiona kwa jina la Lang'ata. Ukiliandika kwa kibodi ya kompyuta, lile alama la juu ni baiti moja, na jina lote lina baiti 8. Simu nyingine hulipinda lile alama lenyewe, likawa ’, na kwa UTF-8 hilo ni baiti tatu: E2 80 99. Herufi ni zile zile nane, baiti zimekuwa 10. Jedwali langu la fonti lina herufi 95, kuanzia nafasi tupu hadi ~, na uchoraji unachukua `fonti[c - 32]`. Kwa E2, c ni 226, na 226 toa 32 ni 194, mbali nje ya jedwali. Hiyo ni kwenye ARM, ambako char haina hasi. Kwenye x86 kabla ya toleo 6.2, char ile ile ilikuwa na hasi, 0xE2 ikawa -30, na draiva ingesoma `fonti[-62]`. Tangu 6.2 kerneli yote inajengwa kwa -funsigned-char, jambo la heri, lakini bado 194 si 95.

Hata strim() inazama humo: kwa kerneli, baiti 0xA0 ni nafasi tupu. Herufi à kwa UTF-8 ni C3 A0. Maandishi yakiishia na herufi hiyo, strim() inang'oa nusu yake.

Je, niifundishe draiva UTF-8 ili konda apate Lang’ata yake na zile emoji za moto wanazozipenda? Sikubali. Programu ya Pythoni iliyo juu inageuza ’ kuwa ' kabla ya kutuma, na ikikosea inakufa yenyewe. Kila kanuni ya lugha unayoihamisha kutoka kernelini ni mistari ambayo hutaitetea tena. Ukweli ni kwamba ningeanza leo, ningejiuliza kama draiva inahitajika hata kidogo: Linux ina spidev, na kupitia /dev/spidev0.0 programu ya kawaida inaweza kuzungumza na MAX7219 bila mstari mmoja wa kerneli. Jiulize swali hilo kabla hujaandika `module_init`.

Neno kuhusu strscpy(). Iliingia toleo 4.3, mwaka 2015, na ndiyo ya kutumia: inaweka sifuri kila mara, na ikikata inarudisha -E2BIG. strncpy() haiweki sifuri maandishi yakijaa sawasawa. strlcpy() ilikuwa inasoma chanzo chote hadi mwisho ili ikuambie urefu wake, hata ukitaka baiti nane tu, na chanzo kisicho na mwisho kingeipeleka kusikojulikana. Iliondolewa kabisa kwenye 6.8, mwaka 2024. Ukikuta mafunzo ya zamani mtandaoni yanaisifu, msimbo huo hautajengeka.

sysfs ni rahisi zaidi

Mwangaza wa taa na mtindo wa maandishi nimeviweka sysfs, zile faili za mipangilio zilizo chini ya /sys. Huko kerneli imeshakunakilia: bafa unayopewa haizidi ukurasa mmoja na ina sifuri mwishoni. Kazi yako ni kufasiri tu.

```c
static ssize_t mwangaza_store(struct device *dev,
                              struct device_attribute *attr,
                              const char *buf, size_t n)
{
        struct kibao *k = dev_get_drvdata(dev);
        u8 v;
        int err;

        err = kstrtou8(buf, 10, &v);
        if (err)
                return err;
        if (v > 15)
                return -EINVAL;

        err = kibao_mwanga(k, v);
        if (err)
                return err;
        return n;
}
```

MAX7219 ina ngazi 16 za mwanga, 0 hadi 15. Familia ya kstrto- inakataa "9abc", inakataa 300 kwa u8, na inavumilia mstari mpya mmoja mwishoni. simple_strtoul() ya zamani inameza yote hayo bila kusema. Nimeandika 10 kama msingi wa hesabu kwa makusudi. Ukiweka 0, mtu akiandika 010 atapata 8. Kwa maneno maalumu kama tuli, tembea na metameta, usijiandikie strcmp() mfululizo: sysfs_match_string() inalinganisha na orodha yako na inaelewa mstari mpya wa mwisho. Wakati wa kurudisha thamani, tumia sysfs_emit(), iliyopo tangu 5.10.

Usiyachapishe ovyo

`pr_info(s)` ni kosa lenye sura ya upole. Konda akiandika "GARI MPYA 100%s", kerneli itatafuta hoja isiyokuwepo na kuifuata popote itakapoipeleka. Andika `pr_info("%s\n", s)`. Lakini hata hapo, maandishi yenye mstari mpya ndani yanaweza kughushi mstari mzima wa dmesg (logi ya kerneli), ukasoma asubuhi kwamba SPI imeharibika kumbe ni porojo za mtu. Kwa maandishi uliyoyakataa kuna `%*pE`, inayoyaonyesha huku ikigeuza herufi zisizochapika kuwa misimbo inayosomeka:

```c
dev_warn_ratelimited(k->dev, "yamekataliwa: %*pE\n", (int)n, s);
```

Na iwe hiyo ya ratelimited. Logi zetu zinaandikwa kwenye kadi ya SD, na mtu anayetuma takataka mfululizo angeimaliza kadi kabla hata ya kuivunja draiva.

Kujaribu

Jenga kerneli ya majaribio yenye CONFIG_KASAN (inayonasa kumbukumbu inayoguswa nje ya mpaka), CONFIG_FORTIFY_SOURCE na CONFIG_HARDENED_USERCOPY, uiendeshe ndani ya QEMU, mashine ya kuigiza. Draiva yangu ina kigezo cha moduli kinachozima SPI, picha ikabaki kwenye kumbukumbu, hivyo siihitaji taa kujua kama nimeandika nje ya mpaka. Kisha:

```sh
printf 'RONGAI 125'            > /dev/kibao
echo   'GITHURAI 45'           > /dev/kibao
printf 'RONGAI\000125'         > /dev/kibao
printf 'LANG\342\200\231ATA'   > /dev/kibao
printf '%%s%%s%%s%%s'          > /dev/kibao
head -c 64 /dev/zero | tr '\0' 'A' > /dev/kibao
head -c 65 /dev/zero | tr '\0' 'A' > /dev/kibao
```

Mbili za kwanza zipite. Ya tatu na ya nne zirudishe EINVAL. Ya tano ipite na kibao kionyeshe alama za asilimia kama zilivyo. Ya baiti 64 ndiyo ya kuitazama kwa makini: inapita kikomo cha write(), lakini ikiwa `maandishi` ndani ya struct umeitangaza kuwa `char maandishi[KIBAO_MAX]`, strscpy() itakata herufi ya mwisho kimya kimya, maana hapana nafasi ya sifuri. Inatakiwa `KIBAO_MAX + 1`. Ya 65 irudishe EMSGSIZE.

Halafu jaribu anwani mbovu, ambayo ganda haliwezi kukutumia. Andika programu ya C ya mistari michache inayoita `write(fd, (void *)1, 10)` na ungoje EFAULT. Endesha nyingine yenye nyuzi mbili, mmoja ukiandika na mwingine ukibadilisha bafa ile ile bila kupumzika, uiache usiku kucha na KASAN ikiwa macho. Ukishayamaliza hayo, yarudie yote ukiwa mtumiaji asiye root, yule yule atakayeendesha programu ya Bluetooth, na faili ya udev (inayopanga ruhusa za vifaa) iwe imekipa kibao ruhusa 0660 na kundi lake:

```
KERNEL=="kibao", GROUP="kibao", MODE="0660"
```